Sarafu ya Kigiriki yenye kichwa cha mwanamke na farasi wanne, ni kopi ya lini hii?

Mtoto_wa_Chumbageni

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa sarafu za kale maana nimeuliza huku na kule kila mtu ananipa lake.

Nipo Uingereza, huku Jumapili asubuhi kuna masoko ya mitumba, watu wanakuja na magari yao wanafungua buti wanauza kila kilichokuwa kimejaa stoo, na mimi huwa naokota vitu naviuza mtandaoni, saa mbovu, vijiko vya silva, kamera za filamu. Juzi nikachukua bati la biskuti limejaa sarafu, nyingi ni senti za Afrika Mashariki zile za enzi za mfalme zenye tundu katikati, nikasema wacha nizichukue kwa ajili ya hizo tu, pauni kumi na tano bati zima na vifungo vya koti la jeshi juu. Kufika nyumbani namwaga mezani ikatoka hii kitu, ilikuwa chini kabisa imeviringishwa kwenye kitambaa.

Ni kubwa, milimita 35 na ushee, na duara lake halijakaa sawa, upande mmoja umebinuka nje kidogo. Mbele kuna kichwa cha mwanamke anaangalia kushoto, nywele zimefungwa kwenye wavu kwa nyuma, ana hereni na mkufu, na samaki wamemzunguka, wawili mbele ya uso, mmoja kisogoni, mwingine chini ya shingo. Upande wa pili kuna kigari kinavutwa na farasi wanne wanakimbia, dereva kainama mbele, juu yake kuna mtu mwenye mabawa anaruka, halafu chini ya mstari kuna vitu kama ngao na nguo ya chuma ya kifuani. Maandishi yapo ila sio herufi zetu hizi.

Rangi ni silva iliyofifia lakini kwenye pua na shavu la huyo mama pamekwanguka kwa kushikwashikwa na panaonekana pekundu. Sumaku haishiki. Mzani wangu unasema gramu 38.6. Niliipeleka duka moja la wanaonunua dhahabu, jamaa akaitupia jicho mara moja tu akasema feki hiyo, silva ya kuchovya, nakupa pauni tano. Nikaondoka nayo.

Najua ni kopi, siko huko kwenye ndoto za utajiri. Ninachotaka kujua ni kopi ya sarafu ipi, katengeneza nani na lini, na je kopi yenyewe ina thamani yoyote? Maana kazi iliyofanyika hapa sio ya kitoto, hata nyuzi za ule wavu wa nywele unaziona moja moja. Picha hizo hapo chini. Nawasilisha.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu unajisumbua bure, andika "sarafu ya kale kutoka Ugiriki" piga picha kwenye kitambaa cheusi weka pauni elfu tatu, mzungu mmoja ataingia king. Ukishaanza kuuliza uliza ndio unaua biashara 😂

Mtoto_wa_Chumbageni

@Kijiwe_Nongwa akaunti yangu ina miaka na watu wananiamini, siwezi kuichoma kwa kitu cha bati la biskuti. Na huku ukiuza feki kwa jina la orijino hiyo ni kesi ya utapeli, hawacheki na mtu.

Baharia_wa_Piraeus

Salaam kutoka Athens wadau. Mimi sio mtaalam wa kusomea ila huku nimekaa muda mrefu na haya mambo unayaona kila kona, kwenye vioski vya watalii kopi zimejaa hadi unazikanyaga.

Hiyo ndugu yangu sio ya Athens kabisa, na ukienda kiramani wala sio ya Ugiriki hii ya leo. Hiyo ni ya Sirakusa, Syracuse, mji wa kisiwa cha Sicily ambacho leo kipo Italia. Wagiriki wa kale walikuwa wanahama wanakwenda kufungua miji pwani za watu, Sirakusa ilianzishwa na watu wa Korintho miaka ya 730 na kitu kabla ya Kristo, ikaja ikawa mji mkubwa kuliko hata huko walikotoka. Hao unaowaita samaki ni pomboo, wapo wanne. Huyo mwanamke wanamwita Arethusa, kwa imani yao alikuwa mwenye chemchemi ya maji matamu iliyopo pale kisiwani Ortigia karibu kabisa na bahari, na hiyo chemchemi ipo hadi leo. Mwenye mabawa ni Nike, ndiye ushindi wenyewe, anaruka kwenda kumvisha dereva taji. Na hizo silaha chini ni ngao, deraya, vikinga vya miguu na kofia ya chuma, na ukiangalia kopi nzuri kuna neno dogo ΑΘΛΑ yaani zawadi za washindi.

Jina lake dekadrakma, drakma kumi kwenye sarafu moja, drakma ndiyo pesa yao ya kale. Zilipigwa kuanzia karibu mwaka 405 kabla ya Kristo, kipindi cha yule mtawala wao Dionisio wa kwanza. Zamani wasomi waliamini ni za kusherehekea kipigo walichowapa Waathens mwaka 413, maana Athens ilipeleka meli na askari kwenda kuuteka huo mji wengi wakaishia kufa au kufungwa kwenye machimbo ya mawe. Huku ukiwagusia hilo hawapendi 😄

Sasa nikuulize kitu. Hizo dekadrakma zilichongwa na mafundi wawili wakubwa na wote walikuwa wanaweka sahihi zao, Kimon na Euainetos. Wa Euainetos mwanamke anakuwa na majani ya matete kichwani hana wavu. Wa Kimon anakuwa na wavu na mkanda mbele. Wewe umesema wavu, chukua lensi angalia kwenye huo mkanda juu ya paji la uso kuna herufi gani.

Mtoto_wa_Chumbageni

Dah @Baharia_wa_Piraeus ubarikiwe sana. Nimeangalia na lensi ya saa, kwenye mkanda kuna K, halafu kijistari kimesimama, nadhani ni KI. Ni ndogo balaa, jicho tupu hulioni.

Baharia_wa_Piraeus

Ndiyo mwenyewe Kimon huyo.

Dada_wa_Eastleigh

Sasa hiyo si ni zile za China tu zinauzwa online kwa dola tatu? Mimi nilinunuliwa moja ya Alexander na mtu akaniapia ni ya ukweli. Wekeni picha ya karibu, za China zinakuwa na vitundu vidogo vidogo kwa uso juu zinamiminwa kwa mould, na details zinakuwa zimelainika.

Sonara_Kisutu

Assalam alaykum. Dada hapo juu amesema kweli kuhusu vitundu, sarafu ya kumimina hewa inabaki ndani na uso unakuwa na vipele na vishimo, na kona zote za michoro zinalegea. Lakini nimeikuza picha ya mwenzetu mpaka mwisho sioni kishimo hata kimoja, na nyuzi za nywele zimesimama kali. Basi sio ya kumimina. Na sio ya kupigwa kwa nyundo pia, maana fedha (silva) iliyopigwa ikilika inabaki nyeupe ileile, haiwezi kutoa wekundu kwenye pua. Huo wekundu ni shaba.

Kijana wangu fanya mambo mawili kabla hatujaendelea kubishana. Kwanza tupigie picha ya ukingo, yaani ule unene wake, mzunguko wote, taa iwe inatokea ubavuni. Watu wanaotafuta feki wanaangalia sura tu, mimi miaka yote naangalia ukingo kwanza.

Pili pima kwenye maji. Weka glasi ya maji juu ya mzani, bonyeza isome sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uishushe ndani ya maji izame yote ila isiguse chini wala pembeni, wewe umeushika uzi kwa mkono. Namba utakayoiona kwenye mzani ndiyo ujazo wake. Halafu gawanya uzito wake wa kawaida kwa hiyo namba. Fedha tupu inakupa 10.5, shaba inakupa kama 8.9, risasi 11.3, bati ni 7.3. Usiweke tindikali mtu asikudanganye, utaitia doa na jibu hutapata, tindikali itakuambia habari za ngozi ya juu tu.

Na igonge kidogo na kucha ikiwa juu ya ncha ya kidole, sikiliza. Fedha inalia inaendelea kulia.

Mtoto_wa_Chumbageni

Shkamoo mzee. Nimefanya yote.

Sauti hakuna kitu, inasema "tak" basi imekufa. Maji, mzani umesoma 4.1. Kwa hiyo 38.6 gawanya kwa 4.1 nimepata 9.4. Haipo kwenye fedha haipo kwenye shaba, ipo katikati katikati.

Ukingo sasa ndio umenishangaza. Kuna mstari mwembamba sana unazunguka katikati ya unene wote, wamejitahidi kuusugua ila kwa taa ya pembeni unaonekana, na sehemu moja kama robo ya mzunguko kuna rangi ya kijivu inayong'aa tofauti imechungulia kwenye huo mstari. Na kuna herufi mbili ndogo zimepigwa hapo hapo ukingoni, R na R. Mwanzoni nilidhani ni mikwaruzo. Picha nimeongeza.

Kijiwe_Nongwa

RR hiyo ni Rolls Royce mkuu, walikuwa wanatoa kwa wateja 😂😂 sema tu bei imepanda

Sonara_Kisutu

Wa alaykum salaam marahaba. Huo mstari ni maungio. Hizo ni ganda mbili zimebandikwa mgongo kwa mgongo na ndani pamejazwa madini mengine, hiyo kijivu ni risasi na bati, ile ile ya mafundi redio wanayochomelea. Ndio maana hailii. Habari za RR sizijui, wajuao waseme.

Mkusanyaji_254

Niingie hapa maana hii ndio mada yangu na watu wa sarafu kwa Kiswahili ni wachache, tunakaa kimya tukisoma vitu vya wazungu.

RR ni Robert Ready. Huyu alikuwa fundi wa Uingereza aliyekuwa anafanyia British Museum kazi ya kutengeneza nakala za sarafu na mihuri, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 na kuendelea, na baadaye watoto wake wa kiume wakaingia kazi hiyo hiyo. Nakala zao nyingi zimepigwa RR ukingoni, nyingine zina MB yaani Museum Britannicum, jina la jumba kwa Kilatini. Hakuna aliyekuwa anadanganya mtu hapo, jumba lenyewe ndilo lilikuwa linawapa sarafu orijino wazichukue umbo, halafu nakala zinauzwa kwa vyuo, mashule, majumba mengine ya makumbusho na watu binafsi waliopenda mambo ya kale lakini hawana hela za kununua kitu chenyewe. Hata kwenye kabati za maonyesho pale London walikuwa wanaweka hizi nakala, orijino ziko kwenye chumba cha ndani zimefungiwa. Kwa hiyo mtu wa enzi za malkia Victoria akienda kuangalia dekadrakma ya Kimon kwenye kioo kuna uwezekano mkubwa alikuwa anaangalia dada yake hiyo uliyonayo wewe.

Jina la kazi hii ni elektrotaipu. Namna inavyofanyika nitaieleza kidogo maana ndio inajibu maswali yako yote ya uzito na rangi. Unachukua sarafu ya kweli unaikandamiza kwenye nta au ile gamu ya mti inaitwa gutaperka, upande mmoja halafu mwingine, unabaki na umbo lake la ndani nje. Nta haipitishi umeme kwa hiyo unaipaka unga wa grafaiti, ule mweusi wa penseli, kwa brashi laini mpaka uingie kwenye kila kona. Unaitundika kwenye beseni la mrututu, ndio huu huu mrututu wa bluu ambao wakulima wa kahawa wanaujua kwa kupulizia miti, na upande wa pili unatundika kipande cha shaba, unaunganisha na betri. Umeme unaivua shaba kule unaileta kuilaza juu ya grafaiti pole pole sana, chembe kwa chembe, unaacha hata siku kadhaa. Ukibandua una ganda jembamba la shaba ambalo limenakili kila kitu. Sio mchoro peke yake, hata mkwaruzo, hata ufa, hata pale ambapo fundi wa Sirakusa nyundo yake iliteleza. Halafu unajaza mgongo kwa risasi na bati, unapiga tupa, unaunganisha pande mbili, unasugua ukingo, mwisho unaichovya kwenye fedha. Teknolojia yenyewe ilitoka 1838, Moritz Jacobi kule St Petersburg, na ndani ya miaka michache tu watu wa sarafu walikuwa wameshaidaka.

Sasa rudi kwenye namba zako. Dekadrakma ya kweli ina kama gramu 43. Gawanya 43 kwa ule ujazo wako wa 4.1 unapata 10.5, fedha safi! Maana yake nini, ujazo wa nakala yako ni sawa na wa orijino kwa sababu umbo ni lile lile, kilichopungua ni uzito tu kwa kuwa ndani hakuna fedha. Nilivyoona hiyo hesabu nimecheka mwenyewe hapa ofisini.

Na hili duara lisilokaa sawa ulilolitaja usilipuuze. Sarafu za kale zilipigwa kwa nyundo moja moja, kwa hiyo hakuna mbili zenye ukingo sawa. Nakala yako imerithi ukingo wa sarafu MOJA maalum. British Museum wameweka picha za sarafu zao mtandaoni, tafuta dekadrakma za Kimon, anza kufananisha hilo bonge lililobinuka liko upande gani, pomboo yupi amekatika mkia, kuna ufa unapita wapi. Utaipata mama yake.

Mtoto_wa_Chumbageni

Aisee nimesoma hii mara mbili. @Mkusanyaji_254 asante sana kaka. Kwa hiyo ni ya karne ya 19?

Na swali la nyongeza, niisafishe? Kuna ukijani kidogo umeanza pale penye pekundu.

Mkusanyaji_254

RR yenyewe, ndiyo, mimi ningeandika nusu ya pili ya karne ya 19 na kuishia hapo. Mwaka kamili usiuandike hakuna namna ya kuuthibitisha.

Kusafisha USITHUBUTU. Hiyo fedha ya juu ni nyembamba kuliko unavyofikiria, ukiipaka dawa ya silva ile ya kung'arisha utaamka asubuhi una mama mwekundu kichwa kizima. Ukijani kama ni mkavu na haukui uache. Kama unatoa unga unga ukigusa na kijiti cha meno, utoe kwa kijiti cha mti, kavu, bila maji wala sabuni, na uihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Ile mifuko ya plastiki laini laini ya PVC ndiyo inaleta ukijani wenyewe.

Mpemba_wa_Muscat

Nina swali kidogo, mbona isiwe ya yule Mjerumani Becker? Nimewahi kusoma kwamba yeye ndiye mkubwa wa wote kwenye kughushi sarafu za Kigiriki, na alikuwa anaziweka kwenye sanduku lenye vumbi la chuma analifunga chini ya kigari chake cha farasi zipigwepigwe njiani ili zizeeke.

Mkusanyaji_254

Swali zuri na hiyo hadithi ya kigari ndio inafanya kila mtu amtaje Becker hata pasipomhusu. Carl Wilhelm Becker, 1772 mpaka 1830, amekufa kabla elektrotaipu haijazaliwa. Yeye alikuwa anachonga mihuri ya chuma, yaani zile kalibu za kupigia sarafu, kwa mkono wake na kupiga sarafu kwenye fedha ya kweli, mara nyingine alichukua sarafu ya kale ya bei rahisi akapiga juu yake ili fedha iwe ya kale kweli. Kwa hiyo ya Becker haina mstari ukingoni, inalia vizuri, kwenye maji inapita. Anakamatwa kwa mchoro, kwa sababu amechonga upya kwa macho yake, haitalingana nywele kwa nywele na sarafu yoyote iliyopigwa Sirakusa. Mihuri yake iko Berlin, na nakala za mihuri yote zimechapishwa.

Kifupi, Becker mchoro unakudanganya na madini yanasema kweli, Ready mchoro unasema kweli na madini ndio yanadanganya. Na huyu wa pili ameweka jina lake ukingoni!

Baharia_wa_Piraeus

Na huku Athens mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwepo mwingine anaitwa Christodoulos, huyo naye alikuwa anapiga kwa mihuri, amewauzia wazungu kweli kweli. Aliyemwanika ni Svoronos mkuu wa jumba la sarafu enzi hizo. Hilo jumba lipo mtaa wa Panepistimiou katikati ya mji, nyumba aliyojenga Schliemann yule aliyechimba Troya, kiingilio sio hela nyingi na bustani ya nyuma ina kivuli na kahawa. Wabongo wa huku tunapita mbele yake kila siku kwenda kwenye mihangaiko yetu, wengi hawajawahi kuingia. Mimi niliingia siku ya mvua.

Dada_wa_Eastleigh

Bado hajajibiwa ya pesa. Ni ya ngapi?

Mkusanyaji_254

Haha Nairobi tunaenda straight to the point. Orijino ya Kimon ikiwa safi ni makumi ya maelfu ya dola. Elektrotaipu ya Ready ni makumi ya pauni, na kwa dekadrakma ya Kimon ikiwa nzima na herufi zinasomeka inaweza kuvuka mia, maana wapo watu wanakusanya kazi za Ready peke yake. Duka la pauni tano alikuwa anakupima kwa kilo. Wewe kwenye tangazo andika wazi neno elektrotaipu, andika Ready, andika RR ukingoni, weka picha ya ukingo iwe ya KWANZA kabla hata ya kichwa. Wanunuzi wa hivi vitu wanaangalia hapo. Na usiandike "kopi" peke yake, kopi peke yake inasomeka kama za dola tatu. Marekani tangu 1973 sheria inataka kopi zigongwe neno COPY, sasa mtu wa kule akiona ya kwako haina lazima aulize, mjibu kwamba ni ya zamani na imetengenezwa Uingereza.

Sonara_Kisutu

Mimi nitasema tofauti kidogo. Usiiuze haraka. Kazi hii ya beseni la mrututu na betri sisi masonara tunaijua kwa kuchovya cheni na bangili, lakini kuchovya ni ngozi tu. Hawa wamejenga ganda zima lisimame lenyewe, halafu wakaunganisha mawili yakutane nywele kwa nywele. Nimejaribu kufikiria ningeunganishaje ganda mbili nyembamba vile kwa moto bila kuyapinda na risasi ndani imeshayeyuka. Mtu alikuwa na mkono. Kama una shida na hela uza, kama huna kaa nayo.

Na hizo senti za tundu ulizokuta nazo, mwenye bati huenda alifanya kazi upande wetu. Wewe jina lako la Chumbageni, Tanga huko enzi za mkonge Wagiriki walikuwa na mashamba mengi tu. Sisemi imetoka kwao, nasema ungemuuliza aliyekuuzia.

Mtoto_wa_Chumbageni

Mzee niliyemkuta anauza alikuwa anasafisha nyumba ya mjomba wa mke wake, alichoniambia ni kwamba marehemu alikuwa mwalimu, basi. Jumapili hii nikimkuta nitamuuliza kama alifundisha Afrika. Mwalimu na nakala ya makumbusho naona vinakwenda pamoja kwa maelezo ya @Mkusanyaji_254, huenda ilikuwa ya darasani.

Kuhusu kufananisha, jana usiku nimekaa na picha za British Museum, nimeshazipunguza. Bonge la upande wa kulia nyuma ya wavu ndilo linanisaidia, nyingi zinaanguka hapo. Nimebaki na mbili nazipima mkia wa pomboo wa chini. Uzuri simu ikikuza unaona hadi mkwaruzo.

Siuzi kwa sasa. Senti za tundu nishaziuza zimerudisha hela ya bati.

Mama_Bundi

Samahani naingilia uzi wa mtu. Mimi nina ya bundi, upande wa pili mwanamke kavaa kofia ya chuma, mwanangu alirudi nayo kutoka safari ya shule London, mama mkwe anasema niitoe nyumbani bundi ni mkosi 😅 nayo ni ya huyo Ready? Kwa nyuma kwa chini kuna herufi tatu WRL.

Baharia_wa_Piraeus

Mama huku bundi ndio wanampenda, ni ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa zamani, mpaka kwenye sarafu ya euro moja ya Ugiriki wamemuweka huyo huyo wa tetradrakma, ile sarafu ya kale ya drakma nne ambayo yako ni kopi yake. Mwambie mama mkwe aende akaione hiyo euro moja.

Mkusanyaji_254

Hapana sio Ready. WRL ni Westair, kampuni ya Uingereza inayotengeneza zawadi za maduka ya makumbusho, inauzwa bei ya soda na chipsi. Ya kweli ina kama gramu 17.2, pima yako uone. Mwache mtoto acheze nayo.